Sauti ya mufundi wa gazi: Joe Cocker na watu wenye walisimama nyuma yake

Kila kambi ya wafanyakazi iko na kijana mwenye anaimba. Muchana anavaa kofia ya kazi na buti, mangaribi anashika mikro ku baa ao ku kanisa, na watu wanasema: huyu, siku moja tutamuona ku televizio. Na kila mwaka anatokea bwana mumoja mwenye viatu visafi, iko na kontra mu mufuko, anasema: tia sinyatire hapa, mambo mengine yote nitatengeneza mimi. Sisi wa sendika tunaletewaka kontra za namna ile. Shida ni kwamba zinatufikia kisha sinyatire, hapana mbele.

Njo maana leo, mu ukurasa huu wenye tunazoea kuzungumuzia bei ya unga na mambo ya sous-traitance, tutazungumuza muziki. Tutazungumuza juu ya Joe Cocker, Mwingereza mwenye sauti ya kukwaruza, yule mwenye wazee wengi walimusikia ku redio na wenye umri wetu walicheza naye polepole ku ndoa. Sauti yake ilikuwa ya soul. Orkestra yake ilikuwa ya roki. Na mbele ya hayo yote alikuwa mufundi wa gazi, mutu wa kuamuka asubui na kubeba vyombo vya kazi. Mambo yenye yalimupata na kontra zake yanaweza kumupata kila mutoto wa Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi mwenye koo nzuri.

Muji wa chuma

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1944 ku Sheffield, kaskazini ya Uingereza, mu kata ya Crookes. Jina lake la kuandikwa ni John Robert Cocker. Sheffield ni muji wa chuma, sawa vile Likasi ni muji wa shaba. Visu, kanya na mikasi ya pale vilienda dunia muzima, na mu mwaka wa 1913 ni pale Harry Brearley alivumbua chuma chenye hakiwezi kushikwa na kutu. Kuzunguka muji kulikuwa migodi ya makaa ya mawe. Sendika ya wachimba-makaa wa Uingereza ilileta biro yake kubwa ku Sheffield mwaka wa 1983, na mwaka wenye ulifuata, tarehe 18 Juni 1984, wakati wa ule mugomo murefu, polisi wa juu ya farasi waliingilia wagomaji ku Orgreave, mwendo kidogo tu kutoka muji. Wakati ule Cocker alikuwa amekwisha kuhama zamani, anaishi Marekani. Tunasema paka ili mujue ni udongo gani wenye ulimuzaa.

Baba yake hakuwa mutu wa mugodi, alikuwa karani wa serikali. Mutoto alipenda Ray Charles, yule kipofu Mweusi wa Marekani mwenye alikamata wimbo wa kanisa akauvalisha nguo za baa. Mwaka wa 1960, Cocker akiwa bado ku masomo, yeye na marafiki watatu walifanya orkestra yao ya kwanza, jina lake Cavaliers. Siku yao ya kwanza ya kuimba, ku nyumba ya vijana, waliambiwa walipe tiketi mbele ya kuingia. Soma tena, ndugu: waimbaji walilipa ili waingie kuimba. Tunajua orkestra zaidi ya moja hapa kwetu yenye ilianza vile, na hakuna aibu. Lakini mutu angeweza kuona mapema kazi ile inaendaka namna gani.

Kisha mwaka moja Cavaliers ikavunjika. Cocker akaacha masomo, akaingia kazi ku kampuni ya gazi ya East Midlands, mwanafunzi-fundi: kufunga mabomba, kutengeneza mafiga, kupita nyumba kwa nyumba. Muchana gazi, usiku muziki. Ku baa za Sheffield alijiita Vance Arnold. Vance aliitosha mu filme ya Elvis Presley (mu filme jina lilikuwa Vince, masikio yake yakasikia Vance), na Arnold aliikamata kwa Eddy Arnold, mwimbaji wa Marekani. Mwaka wa 1963 yeye na orkestra yake, Avengers, walipewa nafasi ya kuimba mbele ya Rolling Stones ku jumba kubwa la Sheffield. Kesho yake, kazi ya gazi.

Mwaka wa 1964 kampuni ya disiki Decca ikamupa kontra. Akaomba ruhusa ku kazi, bila mushahara, akatoa wimbo wa Beatles. Disiki haikuuzika. Kontra ikaisha sawa vile moto wa majani. Kijana wa miaka 20 akarudi Sheffield, mwaka muzima karibu hakuimba. Watu wengi wanafikia pale, wanasema basi, Mungu hakutaka.

Namna soul na roki vilikutana

Soul, jina lake linamaanisha roho. Ni muziki wenye ulitoka mu makanisa ya Weusi wa Marekani: muhubiri anapandisha sauti, waamini wanamuitikia, anapandisha tena mupaka koo inapasuka. Kanisa likiondoka mu wimbo, ile njia ya kuita na kuitikia inabakia. Roki ni kitu kingine: gita za umeme, ngoma nzito, kelele ya vijana. Mwimbaji wa soul, ukimutia mbele ya orkestra ya roki, iko sawa na kutia injini ya lori mu gari ndogo. Ao gari inapasuka, ao inakimbia kupita zote.

Cocker alijua sauti yake si ya kubembeleza. Mu 1966 alikutana na Chris Stainton, mupiga-piano wa Sheffield, mutu mutulivu, na pamoja wakafanya Grease Band. Grease ni mafuta mazito, yale tunapaka mu mashini ili chuma isile chuma. Jina zuri sana kwa orkestra ya wafanyakazi, tunaona sisi. Wakapiga ku baa za kaskazini, kisha wimbo wao moja, Marjorine, ukamufikia Denny Cordell, mutengenezaji wa disiki ku London. Mu 1968 wakahama.

Sasa sikia kitu chenye walifanya. Kulikuwa wimbo wa Beatles, With a Little Help from My Friends, wa 1967, wenye Ringo Starr aliimba kwa kuchekesha, wimbo wa kutembea na mikono mu mifuko. Cocker akaupunguza mwendo mupaka ukawa muzito sawa musafara wa kwenda ku makaburi. Akabadilisha hesabu ya ngoma, ikazunguka tatu-tatu. Akaweka wanawake nyuma, wa kumuitikia sawa ku kanisa. Mu studio Jimmy Page alipiga gita, B. J. Wilson alipiga ngoma. Na fasi Ringo alikuwa anauliza kwa upole, Cocker alilia. Maneno yalibakia yale yale, lakini mutu mwenye alikuwa mu shida aliyasikia kwa mara ya kwanza. Mu Novemba 1968 disiki ilikuwa ya kwanza mu Uingereza yote. Beatles wenyewe walifurahi, na kisha wakamuruhusu kuimba nyimbo zao zingine mbili mu albamu ya pili.

Sisi tunaona ufundi wake wote uko mule. Hakuwa mutungaji mukubwa. Alikuwa mutu wa kukamata chuma cha mwingine, kukirudisha mu moto, na kukipiga upya. Kazi ile ni ya kweli, hata kama hailipwi sawa na ya mutungaji, na tutarudilia neno hilo.

Tarehe 17 Agosti 1969, siku ya yenga, walimufikisha na elikopta ku Woodstock, mu mashamba ya jimbo la New York, fasi watu kupita 400.000 walikuwa wamekusanyika mu matope. Wanawake wa kuitikia hawakuwako siku ile. Basi Henry McCullough wa gita na Alan Spenner wa gita nzito, wanaume na ndevu zao, wakapandisha sauti za kike na kuimba sehemu ile. Inachekesha ukiiangalia, lakini inashika. Cocker amevaa shati ya rangi-rangi yenye imelowa jasho, mikono inatetemeka hewani sawa mutu mwenye anapiga gita yenye haiko. Wengine walifikiri iko mugonjwa. Yeye alieleza kwamba hakujua kupiga piano wala gita, basi mikono yake ilikuwa inatafuta kazi. Wakati alimaliza, mvua kubwa ya radi ikaanguka, tamasha ikasimama masaa mengi. Filme ya Woodstock, yenye ilitoka mwaka wa 1970, ikamupeleka ku kila muji wa dunia wenye kuwa na sinema.

Siku nane

Hapa, wandugu, ndiyo fasi tunaomba musome polepole.

Mwisho wa 1969 Cocker alikuwa amechoka sana. Alizunguka Marekani mwaka karibu muzima. Grease Band ikaachana. Mu Machi 1970 akaenda Los Angeles, akiwa na wazo la kupumuzika na kutafuta watu wapya polepole. Kufika tu, wakamuambia: safari ya matamasha imekwisha kupangwa, inaanza kisha siku 8. Hakuulizwa. Orkestra hana. Na aliambiwa kwamba akikataa, atakuwa na maneno na wenye kuuzisha tiketi, na chama cha wanamuziki wa Marekani, na watu wa uhamiaji wenye wanatoa ruhusa ya kufanya kazi, na pengine hataimba tena mu inchi ile.

Angalia vizuri mutego. Hakuna mutu alimufunga kamba. Walimuonyesha paka karatasi: hii ya matamasha, hii ya chama, hii ya viza. Mufanyakazi mwenye viza yake iko mu mukono wa mukubwa wake haiko huru, hata kama iko na suruali ya bei kali. Na sisi watu wa sendika inatuuma kusikia jina la chama cha wafanyakazi likitumiwa kwa kutisha mufanyakazi mwenye kuchoka. Chama kiliwekwa ili mutu aweze kusema "leo siwezi".

Mutu mwenye alimuokoa, ao mwenye alimumaliza, kila mutu anahukumu vile anaona, ni Leon Russell, mupiga-piano wa Oklahoma mwenye nywele ndefu na akili ya jemadari. Kwa siku zile chache Russell aliita kila mutu mwenye alijua: wapiga-ngoma zaidi ya mumoja, tarumbeta, kwaya muzima na ndani yake Rita Coolidge na Claudia Lennear. Chris Stainton alikuwako pia, yule mwaminifu. Wanamuziki walipita 30, na nyuma yao mabibi, watoto, watu wa filme, na ndege ya kuwabeba. Wakaita kundi lile Mad Dogs and Englishmen. Tangu tarehe 20 Machi mupaka katikati ya Mei 1970 walipita miji 48. Fanya hesabu: siku hazifike 60.

Muziki ulikuwa mukubwa. Disiki mbili zenye zilirekodiwa ku Fillmore East, New York, mu Machi, zilipanda mupaka namba 2 mu Marekani. Mwenye hajasikia kwaya ile ikimujibu Cocker hajasikia soul na roki vikioana kweli. Lakini mutu wa mbele alikuwa anaisha. Alikunywa, alikula kila dawa yenye walimupa, na ku jukwaa Leon Russell njo alikuwa mukubwa wa kweli, mwenye kuonyesha kila mutu aingie wapi. Franga zililipa ndege, hoteli, mishahara ya watu kupita 30, filme, asilimia za wasimamizi. Russell alitoka mule nyota. Cocker alirudi Sheffield kwa wazazi wake, mwili umevunjika, na karibu miaka miwili hakufanya kazi ya maana. Alikuwa na miaka 26.

Tumeona wanaume wa miaka 26 wenye walifanya zamu mbili-mbili chini ya udongo juu mukubwa alisema kontra ya kampuni lazima imalizike mbele ya mwisho wa mwezi. Wanatoka na macho ile ile.

Deni

Mu 1972 alirudia jukwaa. Ku Australia, mu Oktoba, polisi ya Adelaide ikamushika na watu wake kwa bangi, kisha kukawa fujo ku hoteli ya Melbourne, na serikali ikamupa masaa 48 aondoke. Magazeti yalifurahi sana. Hatutakaa pale.

Mwaka wa 1974 aliimba You Are So Beautiful, wimbo wa Billy Preston na Bruce Fisher, karibu piano tu na sauti. Sauti ile inakwama ku neno la mwisho, inavunjika, na waliacha vile. Mu 1975 ukafika namba 5 mu Marekani. Na wakati ule ule pombe ilikuwa inamuangusha mbele ya watu, mara ingine alitapika ku jukwaa.

Basi mutu mwenye disiki namba 1, disiki namba 2, wimbo namba 5, alikuwa na franga ngapi? Mu 1976 alikuwa na deni. Deni ya dolari 800.000, na mwenye kumudai ni kampuni yake mwenyewe ya disiki, A&M.

Mama mumoja ataguna pale jikoni: inawezekana namna gani? Inawezekana vizuri sana, mama, na wewe unajua, juu ulikuwa na kitabu cha deni ku kantini. Kampuni inamupa mwimbaji franga za kwanza, anafikiri ni zawadi. Si zawadi, ni avansi. Studio, inaandikwa juu yake. Wanamuziki, juu yake. Hoteli na ndege, mara nyingi juu yake. Disiki inauzwa, kampuni inakamata sehemu yake tangu disiki ya kwanza. Sehemu ya mwimbaji, ile ndogo, haiendi mu mufuko wake, inaenda kulipa deni ile. Mbele imalizike, anatengeneza disiki ingine, avansi ingine. Anaimba ili alipe mbao za jukwaa lenye anasimamia. Babu zetu walijua mambo ya duka la kampuni: mwisho wa mwezi karani anatosha unga, anatosha mafuta, anatosha kitambaa, na mutu anarudi nyumbani na karatasi.

Kuna shimo la pili. Mu muziki kuna haki mbili. Ya mutungaji, na ya mwenye kuimba, hii ya pili Wafaransa wanaita droits voisins. Mu Marekani, redio za kawaida zinalipa mutungaji kila wimbo ukipita, lakini mwimbaji hazimulipi kitu. Kila mara redio ya Chicago ao ya Detroit inapiga With a Little Help from My Friends na sauti ile ya Cocker, franga zinaenda upande wa Lennon na McCartney. Yeye mwenye alipasua koo, hakuna. Hii si wizi wa mutu mumoja, ni sheria yao. Na kwa mutu sawa Cocker, mwenye aliishi kwa nyimbo za wengine, maana yake ni hii: asipopanda jukwaa, hakuna mushahara. Yeye alikuwa journalier wa muziki. Kwetu Congo, Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inataja haki zote mbili, na SOCODA iliwekwa kwa kukusanya franga hizo. Kijana mwenye anaimba bila kujiandikisha mule, asilie kesho.

Linganisha na Bill Withers. Huyu ni wa kwetu kabisa: alizaliwa mwaka wa 1938 ku Slab Fork, kijiji cha makaa ya mawe mu West Virginia, mutoto wa watu wa mugodi. Alifanya kazi ku kiwanda chenye kilitengeneza vyoo vya ndege, na disiki yake ya kwanza, ya 1971, inamuonyesha amesimama na sanduku lake la chakula cha kazi mu mukono. Hakuacha kiwanda haraka, juu hakuamini watu wa muziki. Na nyimbo alitunga mwenyewe. Mu Septemba 1974 alikuja ku Kinshasa, kwa tamasha ya pigano la Ali na Foreman, pamoja na James Brown, B. B. King, Franco na Tabu Ley. Mu 1985, wakati alichoka na wakubwa wa kampuni, alitoa disiki ya mwisho na kwenda nyumbani. Aliweza, juu nyimbo ziliendelea kumulisha. Cocker hakuwa na mulango ule.

Chuma cha Sheffield

Mutu mwenye alimuinua ni Michael Lang, yule mwenye alikuwa mumoja wa waandaji wa Woodstock. Mu 1976 alikubali kusimamia kazi yake kwa sharti moja: aache kulewa. Haikuwa mara moja, lakini kazi ikarudi. Mwaka ule ule, ku televizio ya Marekani, muchekeshaji John Belushi alimuigiza na ile mikono, wakiwa pamoja ku jukwaa moja, na Cocker aliimba tu, hakukasirika.

Mu 1982 akatoa disiki ku kampuni ya Island, yenye alirekodi ku Nassau, mu visiva vya Bahamas, na wapiga-ngoma na gita wa Jamaika, Sly na Robbie. Mwingereza, Wajamaika, bahari ya joto, na jina lenye alichagua ni Sheffield Steel, chuma cha Sheffield. Haikuuzika sana. Sisi tunaipenda kupita zingine za miaka ile. Sauti imeshuka, kutu inasikilika, lakini ngoma za Sly Dunbar zinaibeba bila haraka, sawa mutu mwenye anajua mulima wote.

Mwaka ule ule akaimba na Jennifer Warnes wimbo wa filme, Up Where We Belong. Mu Novemba 1982 ulikuwa wa kwanza mu Marekani, wiki tatu. Oscar ilienda kwa watungaji, bila shaka. Yeye na Warnes walipata Grammy. Filme ni Officier et Gentleman, wengi mumeiona: mwisho, Richard Gere anaingia mu kiwanda na nguo nyeupe za jeshi la maji, anamukamata bibi yake mikononi, anatoka naye, na wanawake wengine wanapiga makofi. Wimbo ni muzuri na mabibi zetu wanalia. Sisi kila mara tunaangalia wale wengine. Mumoja ametoka, wao wanabakia ku mashini, na wanapiga makofi.

Kisha pale maisha yakawa ya kawaida, na maisha ya kawaida ndiyo alikosa tangu zamani. Mu 1987 alimuoa Pam Baker, na mwaka ule alitoa tena Unchain My Heart, wimbo wa Ray Charles wa utoto wake. Mu Juni 1988 aliimba ku Berlin ya Mashariki, ukuta ukiwa bado umesimama. Ujerumani na Ufaransa walimupenda kupita kwao Uingereza. Mu 1997 alitoa N'oubliez jamais, na redio zenye kusema Kifaransa hazikuiacha tangu siku ile. Karibu kila mwaka alikuwa barabarani, miji, hoteli, jukwaa. Watu walisema: mwanaume wa kazi. Ndiyo, na mumekwisha kuona juu ya nini.

Mu 2007 malkia wa Uingereza alimupa nishani ya OBE. Disiki ya mwisho, Fire It Up, ilitoka mu 2012. Mu 2025 waliandika jina lake mu nyumba ya heshima ya roki ya Marekani, miaka 11 kisha kufa kwake. Chris Stainton, yule wa Grease Band, aliendelea na piano pembeni ya Eric Clapton.

Fasi ya mwisho yenye aliishi ni Crawford, kijiji kidogo sana mu milima ya Colorado. Yeye na bibi yake walifungua kahawa pale kwa faida ya watoto wa fasi ile, na yeye alilima nyanya. Bonde la karibu ni la makaa ya mawe. Treni zinayashusha, wachimbaji wanapita barabarani na nguo nyeusi kisha zamu, na hakuna mutu alimusumbua huyo muzee mwenye ndevu nyeupe. Alivuta sigara miaka mingi. Alikufa pale tarehe 22 Desemba 2014, kansa ya mapafu, akiwa na miaka 70.